Mama Aliyekuja Kurudisha Mazoezi

Pasheni mikono kwanza. Nalisema hili mapema kwa sababu nikishaanza kuzungumza nitalisahau. Ninyi mnaoingia sasa kwenye kazi ya fiziotherapia mna mashine nzuri kuliko tulizokuwa nazo sisi, lakini asubuhi ya Julai hapa Arusha mikono yenu ina baridi ileile tuliyokuwa nayo. Ukimgusa mtoto goti kwa mkono wa baridi anajikaza mwili mzima, halafu wewe unaandika kwamba misuli imekakamaa. Haijakakamaa. Umemshtua.

Aliyenifundisha hilo ni Mama Ruth, mkuu wangu wa kwanza, Mmeru mkubwa wa umbo na mkubwa wa kicheko. Mezani kwake zilikaa chupa mbili, moja ya chai na moja ya maji moto ya kupashia mikono. Siku moja nilizichanganya. Mgeni kutoka mkoani akanywa maji ya mikono kikombe kizima, akatusifu kwamba kwetu hatuzidishi sukari. Mama Ruth alitoka nje kwenda kucheka, akarudi macho yamelowa, akamkaribisha kikombe cha pili.

Huyohuyo ndiye aliyeniambia, "Shabani, usimuulize mtoto anaumwa wapi. Atakuonyesha tumbo, hata kama amevunjika mkono. Muulize jana alifanya nini." Nilidhani ni maneno ya kupitisha muda. Nilikuja kuyaelewa nikiwa na mvi, karibu kabisa na kustaafu, na aliyenielewesha ni binti wa miaka kumi na mitatu.

Lakini ngoja kwanza niwape ya mzee mmoja, mfugaji wa upande wa magharibi wa mlima, aliyeletwa na goti. Nilikuwa bado kijana. Nikamwambia, "Baba, kila siku utembee kidogo." Akaitikia vizuri, akaondoka. Aliporudi goti lilikuwa limevimba kama papai.

"Baba, ulitembea?"

"Kidogo tu, kama ulivyoniambia. Nilikwenda na ng'ombe mnadani, nikarudi."

Alikuwa ametembea kutwa. Kwake hiyo ilikuwa kidogo, na hakunidanganya hata nukta. Tangu siku ile neno "kidogo" nikaliogopa. Mgonjwa analo lake na wewe unalo lako, na hakuna mizani inayoyapima yote mawili.

Sasa tuje kwa Elineema.

Elineema alikuwa mtoto wa kwanza wa mama mmoja wa huko Nkoaranga mlimani, mjane, mwenye migomba, kahawa kidogo na ng'ombe wawili wa ndani. Alikuwa darasa la saba, na alikuwa kipa wa timu ya wasichana ya shule. Mama yake aliniambia kwamba kabla ya kuumwa alikuwa akishuka mteremko wa kwao akikimbia na ndoo kichwani, jambo ambalo mimi nisingelifanya hata bila ndoo. Kisha akapata mafua makali, yale ya homa na kifua. Homa ikaisha, kifua kikapona, lakini Elineema hakurudi alivyokuwa. Akawa anaamka amechoka kuliko alivyolala. Akienda shule siku moja, siku zinazofuata yuko kitandani.

Alipimwa malaria, taifodi, minyoo, damu, kifua. Kila kipimo kikarudi kizuri. Vijana, nawaambia siri ya kazi yetu: vipimo vikirudi vizuri, nyumbani wanamshukuru Mungu, lakini hospitalini tunaanza kumtazama mgonjwa kwa jicho la pembeni.

Daktari wake alikuwa Dokta Happiness, bingwa wa watoto, mama kijana aliyekuwa akiishi Njiro. Sitaki mmfikirie vibaya. Alikuwa na akili kali na moyo mzuri, na watoto walimpenda kwa sababu aliwachorea paka kwenye plasta. Alikuwa akimtuma Elineema kwangu kila Jumanne na maelekezo yake yalikuwa mafupi: "Mzee wangu, mpe mazoezi ya kuongeza nguvu. Kila wiki uongeze. Usimwonee huruma sana."

Nami nikafanya hivyo. Binti mwenyewe alikuwa na adabu, mwembamba, macho makubwa. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu. Panda baiskeli." Akapanda ile baiskeli yetu isiyokwenda popote, akakanyaga, jasho likamtoka, akatabasamu. Wiki iliyofuata nikaongeza. Akafanya yote. Nikamsifu mbele ya wenzake waliokuwa wakilia kwenye vyuma vya kutembelea: "Mwoneni huyu!" Nilikuwa nikiandika kila mara kwamba anaendelea vizuri, na ndivyo nilivyoona kwa macho yangu mwenyewe.

Jumatano moja asubuhi, mama yake akaingia chumbani kwangu peke yake. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na ameshika mkoba mikononi kama anayekwenda baraza la usuluhishi. Alinisalimia kwa utaratibu, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Nikajibu yote. Kisha akasema:

"Baba, nimekuja kuyarudisha mazoezi yako."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kuyarudisha?"

"Ndiyo. Nimeyarudisha. Hayamfai mwanangu. Asante kwa kumpa."

Miaka yote ile watu waliwahi kunirudishia magongo, viti, mishipi ya mgongo. Mazoezi hakuna aliyewahi kuyarudisha. Nilitaka kucheka, lakini nikaona hatanii. Nikamvutia kiti.

"Mama, mbona hapa anafanya vizuri? Jana amekanyaga mpaka nimemzuia."

"Hapa anafanya. Nyumbani analipa." Akanitazama. "Wewe unamwona Jumanne tu. Mimi ninaye Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Jumanne ili aje hapa, namlaza Jumapili na Jumatatu yote bila kuamka. Siku asiyoweza kuja, hamumwoni. Mnamwona siku anayoweza kuja, halafu mnasema anaweza."

Nawaombeni muirudie tena kichwani sentensi hiyo ya mwisho. Mimi niliisikia, nikakaa nayo kama mtu aliyepewa mzigo bila kuambiwa aupeleke wapi.

"Dokta umemwambia?"

"Nimemwambia. Akaniambia ninamdekeza. Akasema mtoto anaogopa shule, na mimi namfunika. Jumatatu anataka kumlaza wodini wiki mbili, na mimi nisiingie. Wamfanyishe mazoezi kila siku. Anasema nikiwa mbali atainuka. Baba, nikikataa nitaonekana namficha mtoto asitibiwe. Nikikubali..."

"Ungempiga picha kwa simu siku akiwa amezidiwa, umwonyeshe dokta," nikasema.

Akainua kichwa kwa ukali. "Mwanangu si sinema. Njooni mumwone."

Nikabaki nikijiuliza. Si kwa sababu nilimwamini, nisiwadanganye. Nilikuwa na hamu ya kujua. Inawezekanaje misuli ifanye kazi nzuri leo, halafu mwili uanguke kesho yake? Mtu akizidisha mazoezi anaumwa miguu, tunajua, lakini anaumwa miguu, hashindwi kuinua kijiko. Na kama mama anatia chumvi, basi nilitaka kuiona hiyo chumvi. Alhamisi mchana nikaomba ruhusa, nikapanda gari hadi njia panda, kisha bodaboda. Mahali bodaboda ilipokata tamaa nikaendelea kwa miguu katikati ya migomba. Mimi ni mtu wa Kaloleni, kule mjini, nimezoea tambarare. Nilifika nikihema kuliko mgonjwa.

Mama akanipokea kwa bakuli la mtori wa ndizi na hakuniambia neno lolote la kunithibitishia. Alifungua tu mlango wa chumba.

Walikuwa wametundika kanga mbili dirishani kuzuia mwanga. Elineema alikuwa amelala ubavu, kitambaa machoni. Aliposikia sauti yangu akataka kuinuka, kwa adabu tu, na mama akamwekea mkono begani.

"Shikamoo, babu." Ilikuwa ni pumzi, si sauti.

Nikakaa sakafuni, maana Mama Ruth alitufundisha tukae chini ya macho ya mtoto. Nikapasha mikono kwa kuisugua, nikamshika kifundo cha mkono nikisikiliza mapigo. Yalikuwa ya kawaida. Nikamwomba, kama anaweza, aketi kitandani kwa muda mfupi tu. Akaketi. Mapigo yakaruka kana kwamba amepanda mlima, midomo ikapauka, nikamlaza haraka. Nje jogoo akawika, na mtoto akakunja uso kama amepigwa kofi.

Sikumuuliza anaumwa wapi.

"Jana ulifanya nini?"

"Nililala."

"Na juzi?"

"Juzi nilikuja kwako."

Nikamuuliza huo uchovu ukoje, maana mimi nauona tu kwa nje.

Akafikiri muda mrefu. "Babu, umeshabeba ndoo? Mtu anakuambia tua, unatua, unapumzika. Mimi nikitua, bado nimebeba."

"Kwa nini hukuniambia siku zile kwenye baiskeli?"

"Ulikuwa unanisifia."

Niliteremka mlima ule nikiwa na maswali mengi kuliko niliyopanda nayo. Kesho yake asubuhi na mapema nikamsubiri Dokta Happiness mlangoni kwake. Akaniamkia, nikaitikia, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akivaa koti lake jeupe.

"Mzee wangu, nikuambie kitu," akasema. "Nilipokuwa naanza kazi, waliniletea mvulana asiyeweza kutembea. Vipimo vizuri. Nikamhurumia, nikampa vitamini, nikamrudisha nyumbani mara tatu. Baadaye ndiyo tukajua kuna mtu alikuwa anampiga shuleni, anampiga vibaya. Miguu yake ilikuwa inakataa kumpeleka kule. Mimi nilikuwa nimemrudisha hukohuko na vitamini. Sasa mtoto akilala na vipimo vikawa vizuri, mimi lazima nitafute anayemwumiza. Nikikosea upande huo, nani atamlilia?"

Alikuwa na haki. Nataka mkumbuke hilo, maana mtakutana na madaktari watakaoonekana wagumu, na kumbe ugumu ule ni kovu la mtoto mwingine.

Nikasema tu, "Mama yake anasema tunamwona siku anayoweza kuja."

Dokta akaacha kufunga vifungo. "Anazidiwa lini? Siku ileile ya mazoezi au kesho yake?"

"Siku ileile jioni anachoka. Kesho yake ndiyo anaanguka."

"Kesho yake," akarudia polepole. Nikaona macho yake yamebadilika. Ni macho yale ya mtu aliyeona kitu kimesogea kwenye majani. "Mchana nikimaliza wodi, tunakwenda. Bado atakuwa amelala?"

"Kwa nilivyomwacha, bado atakuwa kitandani."

Gari lake lilipanda hadi lilipoweza. Alikuwa na viatu vya kisigino kifupi, na mvua ilikuwa imepita. Hatukufika mbali akateleza, akakaa chini kwenye tope na sketi yake nzuri. Mama Elineema, aliyekuwa ameshuka kutupokea, akavua ndala zake akamvalisha, yeye akapanda peku. Nilimwona dokta akizitazama zile ndala njia nzima.

Nyumbani dokta alimwangalia mtoto vizuri, macho, shingo, tumbo, mapigo akiwa amelala na akiwa ameketi. Kisha akasema, "Mama, naomba nikae naye peke yangu."

Mama akanitazama, akatoka. Nami nikamfuata. Tukasimama kwenye zizi, ng'ombe wakitafuna, na yeye akawa anakatakata mgomba kwa panga, vipande vidogo kuliko ng'ombe wanavyohitaji.

"Anamuuliza kama ninampiga?"

"Anauliza kila kitu, mama. Ndiyo kazi yake."

"Aulize." Panga likashuka. "Aulize mpaka achoke. Ila asiondoke hajauliza."

Tulingoja muda mrefu. Nilijua kinachongojewa pale. Mlango ukifunguliwa, dokta atatoka ama na uamuzi uleule wa Jumatatu, ama na mwingine. Mama Elineema hakugeuka kuangalia mlango hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikiangalia.

Dokta Happiness akatoka, akaja hadi zizini, akashika ubao wa uzio.

"Nimemuuliza kama kuna mtu shuleni anayemtisha. Hakuna. Nyumbani hakuna. Anazililia mechi zao, analilia mtihani. Nikamwambia, basi niambie unaogopa nini, maana naona unaogopa. Kasema anaogopa Jumanne."

Mama akauliza, "Jumanne kuna nini?"

"Kliniki," nikasema mimi.

Dokta akasema, kwa sauti ya chini, si kwetu sana: "Nilikuwa namtafuta anayemwumiza mtoto. Nimetukuta sisi."

Jumatatu Elineema hakulazwa. Dokta alimwambia mama yake waziwazi pale zizini, kwamba kuna ugonjwa wa uchovu sugu unaoweza kumpata mtoto baada ya homa, kwamba hauonekani kwenye vipimo vyetu bali kwa mtoto kuanguka kesho yake baada ya kujitahidi, kwamba yeye mwenyewe anaujua kwa kuusoma zaidi kuliko kwa kuuona, na kwamba dawa ya kuumaliza hana. Nilishangaa kuona mama anafuta machozi huku uso wake umetulia. Nikamuuliza baadaye kwa nini habari mbaya namna ile ilimpa nafuu. Akasema, "Ameniambia hajui. Wote waliotangulia walikuwa wanajua."

Kuanzia hapo kazi yangu kwa Elineema ikawa kinyume cha kazi yangu yote. Nilimfundisha kuacha. Hilo nalo lina ufundi wake, sikilizeni. Mwambie mtoto apumzike kabla hajachoka, si baada. Akihisi anaweza kutembea hadi kwa jirani, aende hadi zizini, arudi, aone kesho yake inasemaje. Kesho yake ndiyo hakimu, si leo. Anayeoga asimame siku hiyohiyo kufua? Hapana, achague. Na siku nzuri ndiyo ya kumlinda zaidi, kwa sababu siku nzuri inamdanganya mtoto, inamdanganya mama, na sisi tunadanganyika kuliko wote. Nilikuwa nampigia mama yake simu badala ya wao kupanda magari kuja kwangu. Dokta naye akapiga, na mara moja moja akapanda mlima, na viatu vya mvua sasa.

Mtihani wa darasa la saba mwaka ule hakuufanya. Siku wenzake walipoingia chumba cha mtihani alilia hadi akazidiwa, na hapakuwa na mbinu yangu yoyote ya kumzuia asilie. Mwalimu wake akawa anapanda kwao jioni, anakaa naye kwa somo fupi, anaondoka kabla hajaambiwa. Mwaka uliofuata alifanya, amelala Jumamosi na Jumapili nzima kabla yake, na akafaulu. Sasa yuko sekondari, anahudhuria baadhi ya siku. Hajapona. Wapo watoto wanaopona kabisa, wapo wanaopata nafuu, wapo wanaobaki palepale, na msimwahidi mzazi yeyote lipi litakuwa lake.

Lakini kuna swali Elineema alilomuuliza dokta mwaka ule wa kwanza, nami nilikuwepo. Alisema, "Dokta, wako wengine kama mimi?"

Dokta akasema, "Sijui. Kama wako kama wewe, hawawezi kuja kwangu."

Swali hilo lilitusumbua wote wawili. Tukaanza kuuliza walimu, makanisani, misikitini: kuna mtoto aliyeacha shule baada ya homa, mnayemwita mvivu? Wa kwanza tuliyempata hakuwa mbali. Alikuwa Kaloleni, nyuma ya msikiti ninaosali, kwenye chumba cha kupanga, binti wa fundi cherehani. Anaitwa Zaituni. Mama yake alikuwa ameshampeleka kwa waganga wa kila aina na kusomewa kila dua, na majirani wamemshauri amchape.

Nilipomweleza Elineema, akataka kuzungumza naye. Mama zao wakapanga, simu ikapigwa alasiri, kila mtoto amelala kitandani kwake, mmoja mlimani, mmoja mjini. Mimi nilikuwa Nkoaranga, sebuleni, nikitarajia kusikia maswali na majibu. Nikasikia salamu. Nikasikia, "Na wewe?" Kisha kimya, kirefu, mpaka nikadhani salio limekwisha. Mama Elineema akachungulia, akarudi akaketi, akanimiminia chai.

"Wanasema nini?" nikanong'ona.

"Hawasemi," akajibu. "Wanapumzika."